Nauli za meli za kitalii zimepanda: namna ya kuisoma bei na kupata nafuu ukiwa na pasipoti ya Kenya

Kila kaskazi ikianza kuvuma, meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima huingia Kilindini. Abiria hushuka, wengine wakaenda Fort Jesus na Mji wa Kale, wengine wakapakiwa kwenye magari ya Tsavo, na jioni meli ikang'oa nanga. Sisi hubaki Mama Ngina tukiipiga picha ikipita mlangoni mwa bahari. Swali halibadiliki: nauli yake ni kiasi gani, na je, mtu wa hapa anaweza kupanda?

Zamani swali hilo lilikuwa la mzaha. Siku hizi si mzaha tena. Familia za Mwambao zimetawanyika London, Toronto, Dubai na Muscat, na ndugu wanapotaka kukutana hutokea mmoja akatoa shauri: tukutane melini wiki moja, chakula kimo ndani, wazee wasihangaike na mabegi kutoka hoteli hii hadi ile. Shauri si baya. Lakini pesa zinazochangwa ni nyingi, na nimeona ushauri unaozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp ukiwa ni wa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza akimwambia mwenye pasipoti ya Kenya. Hali zao si moja. Kwetu sisi, viza na njia ya meli hupandisha au kushusha gharama kuliko ofa yoyote.

Kwa nini nauli zimepanda

Machi 2020 sekta nzima ilisimama kwa sababu ya korona. Kutoka bandari za Marekani, meli hazikurudi kubeba abiria hadi katikati ya 2021. Meli iliyofungwa gatini haiingizi senti, lakini bado inataka mafuta, mabaharia na matengenezo, kwa hiyo kampuni zikakopa. Carnival, iliyo kubwa kuliko zote, ilifikisha deni la zaidi ya dola bilioni 30. Zilipofunguliwa tena, zikauza vyumba kwa bei ya kutupa ili mradi meli zijae. Waliosafiri wakati huo ndio hadi leo wanaosema ukisubiri utapata bei ya peremende.

Wakati huo umepita. Kwa hesabu za CLIA, jumuiya ya kampuni za meli za kitalii duniani, abiria wa 2019 walikuwa milioni 29.7. Mwaka 2023 walifika milioni 31.7, na 2024 wakawa milioni 34.6. Meli nazo haziongezwi kwa haraka hiyo. Viwanda vinavyoweza kuunda meli kubwa za aina hii ni vichache, karibu vyote viko Italia, Ufaransa, Ujerumani na Finland, na kampuni ikiagiza meli leo itangoja miaka kuipokea. Watu wameongezeka kuliko vyumba, na mwenye chumba ndiye anayepanga bei.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Katika biashara hii meli huhesabiwa kuwa imejaa asilimia 100 ikiwa kila chumba kina watu wawili. Wakiongezeka watoto wa tatu na wa nne, hesabu huvuka 100, na kampuni kubwa sasa huvuka mara kwa mara. Meli iliyo katika hali hiyo haina sababu ya kukubembeleza.

Kuna na gharama nyingine zilizoongezeka juu. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unazitoza meli kubwa kwa moshi zinaotoa: mwaka wa kwanza zilitozwa sehemu ya asilimia 40, wa pili 70, na kuanzia 2026 ni moshi wote. Ugiriki ilianza Julai 2025 kutoza yuro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos katika miezi ya kiangazi. Mexico nayo imeanza ada yake ya kila abiria, nayo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka. Kampuni hazilipi hizi mfukoni mwao.

Halafu zipo meli mpya zenyewe. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, ina mabwawa na michirizi ya maji kama bustani ya michezo, na hutia nanga kwenye kisiwa cha kampuni yenyewe huko Bahamas. Meli mpya huwa ghali. Meli ya miaka 15 ya kampuni hiyo hiyo, ikienda bahari hiyo hiyo, mara nyingi huwa rahisi kwa kiasi kikubwa, na samaki anayepikwa humo hajui umri wa meli. Ukitaka nafuu ya kwanza kabisa, ni hiyo: tafuta meli ya zamani kidogo.

Bei ya tangazo na bei ya kulipa

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tangazo linasema dola 599 kwa mtu, usiku saba. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, mtu husoma shilingi 77,000 na ushei, akaita ndugu zake.

Mume na mke ni dola 1,198. Ongeza kodi na ada za bandari, tuseme dola 150 kwa kila mmoja, tunafika 1,498. Ongeza bakshishi ya wahudumu. Hii katika kampuni nyingi za Kimarekani hukatwa kila siku kwenye akaunti ya chumba, dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa, mtoto pia. Kwa dola 18, siku saba, watu wawili, ni 252. Sasa ni 1,750. Mkitaka intaneti ya simu moja kwa dola 20 kwa siku, ni 140 nyingine. Jumla dola 1,890, yaani karibu shilingi 244,000 kwa wawili. Kila mmoja amefika 122,000 kabla ya ndege, viza na bima, na hajashuka bandari hata moja kutembea.

Tangu Julai 2024 sheria ya jimbo la California inalazimisha bei ya tangazo iwe na ada zote za lazima, na kampuni kubwa zikaamua kufanya hivyo Marekani nzima. Kwa hiyo tangazo la Marekani siku hizi lina kodi ndani, lakini bakshishi bado iko nje kwa kuwa inahesabiwa hiari. Tovuti ya nchi nyingine ya kampuni ile ile inaweza kuonyesha tofauti. Kuna kampuni za soko la Uingereza, kama P&O Cruises na Marella, ambazo bakshishi imo ndani ya nauli. Ndiyo maana meli inayoonekana ghali kwa pauni 100 inaweza kuwa ndiyo rahisi ukimaliza kujumlisha. Usilinganishe tangazo kwa tangazo. Chukua karatasi, linganisha jumla kwa jumla.

Sasa suala ambalo miongozo ya Kizungu haitakuambia kwa sababu haiwahusu. Ofa nyingi zinazoitwa "kila kitu ndani" zimejengwa juu ya pombe. Nauli inapanda, kisha unaambiwa umepewa vinywaji bure. Muislamu anayenunua nauli hiyo analipia divai ya mwenziwe aliye meza ya pili. Katika baadhi ya kampuni, kifurushi hicho kikiitwa bure, bado unatozwa bakshishi ya kifurushi chenyewe kila siku. Na zipo zenye kanuni kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, mwenziwe naye lazima anunue. Tafuta nauli tupu isiyo na vinywaji. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi za asubuhi kwa kawaida vimo ndani ya nauli. Ukitaka soda, kuna kifurushi cha soda peke yake.

Vivyo hivyo zile bei za ajabu unazosikia mtu amepata karibu na bure. Nyingi ni za kamari. Meli hizi zina kasino, na anayepoteza pesa nyingi mezani hutumiwa ofa ya chumba arudi tena. Hiyo si bei ya kuitafuta.

Kuna meli moja iliyokwenda kinyume na utaratibu huo. Aroya, ya kampuni ya Kisaudi iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa serikali, ilianza safari zake kutoka Jeddah Desemba 2024, na haina pombe. Si lazima iwe rahisi kuliko nyingine, lakini ukisoma nauli yake unajua hujalipia baa. Kwa meli nyingine, swali la chakula cha halali liulizwe kwa maandishi kabla ya kutoa arubuni. Nyingi zinaweza kukiandaa zikiarifiwa mapema, na chache hudai malipo ya ziada. Jibu la "usijali, kuna kila kitu" si jibu.

Dakika za mwisho si zetu

Nakuja kwenye jambo lenye kupoteza pesa nyingi zaidi. Ushauri wa kusubiri wiki mbili kabla ya meli kuondoka, ukanyakua chumba kilichobaki, unamfaa mstaafu anayeishi Florida na bandari iko saa moja kutoka kwake kwa gari. Haumfai mtu wa Kisauni au Malindi. Viza ya Schengen haitolewi kwa wiki mbili kwa ahadi. Foleni ya mahojiano ya viza ya Marekani hapa Nairobi imewahi kuwa ya miezi mingi. Na tiketi ya ndege uliyokata wiki hiyo itakula nafuu yote uliyoipata kwenye chumba.

Kwetu njia ni kupanga tarehe tatu zisigongane: ya arubuni, ya viza, na ya malipo ya mwisho.

Kampuni nyingi huchukua arubuni ndogo mtu anapoweka chumba, kisha hudai salio karibu siku 90 kabla ya safari. Zipo za siku 60 na zipo za 120, angalia mkataba. Arubuni nayo ni ya aina mbili: inayorudishwa na isiyorudishwa. Ile isiyorudishwa huja na nauli ya chini kidogo, na ndiyo inayowavuta watu wetu. Usiiguse ikiwa huna viza. Lipa ile ziada, chukua inayorudishwa.

Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kwa hiyo: weka chumba kwa arubuni inayorudishwa miezi minane hadi kumi kabla, omba viza miezi mitano au sita kabla, upate jibu kabla ya siku ya salio. Ukinyimwa, unavunja na arubuni inarudi. Ukipewa, unalipa salio. Familia iliyolipa yote kwanza kisha ikaenda ubalozini imeweka pesa zake mikononi mwa afisa wa viza.

Na iombwe ya kuingia mara nyingi. Meli ikitoka Barcelona, ikapita Tunis au Istanbul, kisha ikarudi Ulaya, umetoka nje ya Schengen ukaingia tena. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukataliwa kupanda pale gatini, na nauli hairudi. Kampuni huandika wazi kwamba karatasi za kusafiria ni jukumu la abiria.

Kusubiri kuna faida moja tu kwetu, nayo ni kwa waliokwisha kuweka chumba. Kwa mauzo ya Marekani hasa, bei ikishuka kabla ya siku ya salio, kampuni nyingi hukubali kukupa bei mpya ukipiga simu au wakala wako akiomba. Basi weka mapema, kisha chungulia bei kila wiki mbili. Ofa nyingi za mwaka hutolewa kati ya Januari na Machi, ndio msimu wao mkubwa wa mauzo, ingawa nyingine ni mapambo matupu: nauli imepandishwa Desemba ili ipunguzwe Januari. Aliyekuwa akiandika bei tangu Oktoba ndiye anayejua.

Miezi, na njia ya Durban

Bei hufuata likizo za shule za Wazungu. Julai na Agosti Bahari ya Kati ni moto kwa jua na kwa bei. Karibiani hushuka Septemba hadi katikati ya Novemba kwa sababu ni msimu wa vimbunga, ambao rasmi huanza Juni mosi na kwisha Novemba 30. Meli hazipigwi na vimbunga kwa sababu huvikwepa, lakini ujue unaweza kulipia kisiwa kimoja ukapelekwa kingine.

Kalenda yetu ya shule hapa inatupa bahati ambayo watu hawaitumii. Shule za Kenya hufungwa mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba hadi Januari. Ulaya na Marekani watoto bado wako darasani. Wiki za kati ya mwanzo wa Novemba na katikati ya Desemba, ukiacha ile ya sikukuu ya Thanksgiving ya Wamarekani, ni miongoni mwa zilizo rahisi zaidi mwaka mzima. Baada ya tarehe 18 Desemba hivi, bei hupanda ghafla.

Na ikiwa lengo ni safari ya kwanza, tena ya familia nzima yenye pasipoti za Kenya, ningeangalia Durban kabla ya Barcelona. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Kampuni ya MSC kwa misimu mingi imekuwa ikiweka meli huko kati ya Novemba na Aprili, safari fupi za usiku tatu, nne au tano, nyingine zikienda pwani ya Msumbiji kama Pomene na kile Kisiwa cha Wareno kilicho mlangoni mwa ghuba ya Maputo. Kwa Msumbiji pia tunaingia bila viza. Ondoa ada za viza za watu sita, ondoa safari za Nairobi kupeleka alama za vidole, ondoa hofu ya kunyimwa mmoja wenu, kisha linganisha. Ndege si ya moja kwa moja kutoka Mombasa, utapita Nairobi na Johannesburg. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu anayetoka Kenya huulizwa. Shule za Afrika Kusini hufungwa karibu katikati ya Desemba, kwa hiyo Novemba ndiyo ya kuvizia.

Meli zinazokuja Mombasa zenyewe ni habari nyingine. Nyingi huwa zimeanzia mbali, Cape Town au Port Louis, kwa safari ndefu za wiki mbili au zaidi, na zimeuzwa Ulaya na Marekani mwaka mzima kabla. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwisho wa 2023, ratiba za meli zinazovuka Suez zimevurugika, na kampuni kadhaa zilifuta safari au zikazunguka Afrika. Ukiona safari inayopita njia hiyo kwa bei ya chini mno, soma masharti yanasemaje ikifutwa: unarudishiwa pesa, au unapewa hati ya safari nyingine.

Kuna nauli nyingine inayosifiwa sana, ile ya meli zinazohama bahari. Kila Oktoba na Novemba meli huondoka Ulaya kwenda Karibiani na Amerika ya Kusini, na kila Aprili hurudi. Bei kwa siku huwa ndogo kwa kuwa siku nyingi ni za maji matupu. Kwetu ina kasoro: unahitaji karatasi za bara mbili na tiketi za ndege zisizo za kwenda na kurudi mahali pamoja. Kwa ndugu aliye London au Toronto ni sawa.

Chumba, watoto na wajane

Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho rahisi. Kwa usiku nne kinatosha. Kwa wiki nzima na mzee asiyependa giza, lipia dirisha, usilipie roshani. Ukikubali kampuni ikuchagulie nambari ya chumba, bei hushuka, lakini ndugu mnaweza kutawanywa sitaha tofauti, kwa hiyo haifai ukiwa na bibi anayehitaji kusaidiwa usiku.

Mtu wa tatu na wa nne katika chumba hulipa kidogo, na mara kwa mara zipo ofa za watoto kulipa kodi za bandari tu. Mtu mmoja peke yake ndiye anayeumia, kwa sababu chumba kimepigiwa hesabu ya wawili na anaweza kutozwa karibu nauli mbili. Kina mama wajane wanaosafiri pamoja na ndugu zao wapangwe wawili wawili mapema. Baadhi ya meli, kama za Norwegian tangu Epic ya 2010, zina vyumba vidogo vya mtu mmoja, lakini huisha haraka.

Mwenye kijana anayefanya kazi melini, na Mwambao huu tunao, amuulize kuhusu nauli za familia za mabaharia. Kampuni nyingi huzitoa, kwa kawaida vyumba vikibaki.

Kulipa

Kurasa za malipo za kampuni kadhaa zina kitufe cha kulipa kidogo kidogo kwa miezi. Soma ni nani anayekukopesha. Mara nyingi ni mkopeshaji wa nje na kuna riba ndani yake. Kuweka arubuni kisha kupunguza salio kwa awamu moja kwa moja kwa kampuni ya meli, bila mkopo, kunaruhusiwa na kampuni nyingi, na matokeo ni yale yale bila ya riba.

Wakala mzuri ana faida, hasa akipata bei ya kundi mkiwa vyumba vinane au zaidi, na kamisheni yake hulipwa na meli. Lakini awe na leseni ya mamlaka ya kudhibiti utalii, TRA, na malipo yaende kwenye paybill au akaunti ya kampuni, si nambari ya simu ya mtu. Ndani ya siku mbili akupe nambari ya chumba kilichowekwa. Iingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Ikiwa majina yenu hayatokei, hakuna chumba, hata risiti iwe na mhuri wa rangi gani. Majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi: Swaleh na Saleh ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Aliye Uingereza akilipa sehemu kwa kadi ya mkopo, safari ikiwa ya kati ya pauni 100 na 30,000, sheria ya huko humpa haki ya kudai kwa benki ikiwa muuzaji atafilisika. Basi katika mchango wa familia, huyo ndiye awe mlipaji, wengine wamtumie fungu lao, na alipe bili ya kadi yote mwezi huo huo kabla riba haijaanza.

Bima ikatwe siku ile ile ya arubuni, kwa sababu daktari wa melini hutoza kwa dola kwenye akaunti ya chumba na si kwa huruma. Na ndege ifike siku moja kabla. Meli haimngoji aliyekwama Johannesburg.